Jibu kwa Digrii ya Kwanza

Rafiki yangu alianza kusomea digrii yake ya kwanza kwa miguu yangu, kabla hata hajajua kwamba kuna digrii ya namna hiyo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akafikiri nina wivu wa shule. Wivu sina. Nilikuwa na hasira, na ninayo mpaka leo, na hasira yangu ina sababu.

Tulisoma sekondari moja, Butiama, wasichana wawili wa darasa moja. Mimi nilikuwa mkimbiaji. Yeye alikuwa na pumu. Kipindi cha michezo wenzetu walipotawanyika uwanjani, yeye alikaa kwenye tofali na sweta lake, amejikunja kama kuku wa mvua. Mwalimu wa michezo hakupenda kuona mtu amekaa bure. Akampa saa ya kupimia mbio na kaunta buku, akamwambia, andika muda wa yule. Yule alikuwa mimi.

Aliandika zaidi ya alichotumwa. Nikimaliza mizunguko yangu, nimeinama nahema, mikono magotini, ananijia na kalamu yake.

"Leo umekula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na ugali."

"Nakuuliza vizuri. Ulilala saa ngapi?"

"Wewe ni daktari au ni mama yangu?"

"Nyamaza ujibu."

Kisha ananiwekea vidole viwili shingoni, anahesabu mapigo huku midomo inacheza. Wenzetu walicheka mpaka kulala kwenye majani. "Jamani, anamtafuta kupe!" Yeye hakujali. Alijua nikila uji asubuhi nakimbiaje na nisipokula nakimbiaje. Alijua siku zangu za mwezi kuliko nilivyozijua mimi. Ile kaunta buku ilijaa, akanunua nyingine.

Kidato cha nne tukaachana. Sikufeli vibaya, nisisingiziwe. Alama zangu zilitosha kunifikisha mahali, ila hapo mahali palihitaji mtu wa kunipeleka, na mtu huyo hakuwepo. Yeye alikuwa na mjomba wake Bunda. Akaenda kidato cha tano, cha sita, chuo. Mimi nikakaa nyumbani, kisha nikaolewa, nikahamia Musoma mjini, chumba na sebule pale Mukendo, kwenye uwanja wa nyumba za kupanga. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi yake iko Bunda, anarudi Jumamosi. Nikapata mtoto wa kiume.

Mtoto alipofikisha miezi saba, rafiki yangu akabisha hodi. Amenenepa mashavu, kavaa miwani, begi la kompyuta begani. Tulikumbatiana mlangoni, tukacheka, nikamwekea chai. Nikamuuliza huko chuoni ulisomea nini hasa, maana watu huku walisema ualimu, wengine unesi.

"Sayansi ya mazoezi," akasema. "Moyo unavyofanya kazi mtu akikimbia. Mapafu, misuli, chakula, maji, jasho. Nilipoomba nafasi niliandika habari zako, ujue. Zile kaunta buku zangu ninazo mpaka leo."

"Kwa hiyo wanatoa digrii kwa kuhesabu jasho la watu."

"Wanatoa. Na sasa nasoma ya pili."

"Ya nini?"

"Sosholojia ya michezo."

"Nambie kwa Kiswahili."

Akafikiri, akanywa chai. "Ile ya kwanza inauliza mwili unakimbiaje. Hii ya pili inauliza nani anaruhusiwa kukimbia na nani hakubaliwi, na ni nani anayemkataza."

Nikacheka. "Basi umekwenda chuo kumsomea mama mkwe wangu."

Yeye hakucheka. Alifungua begi akatoa daftari. Siku ile ningetakiwa kushtuka, lakini ni mtu aliyewahi kunihesabu mapigo shingoni. Ningemwogopea nini?

Utafiti wake ulihusu wasichana wa Mara waliokimbia shuleni wakaacha baada ya kuzaa. Alinipa fomu ya ridhaa. Imeandikwa kwamba jina langu halitatajwa na kwamba naweza kujitoa wakati wowote bila kuulizwa. Nikaweka sahihi. Akaweka simu yake juu ya kigoda inarekodi, na mimi nikafungua mdomo. Alikuja mara tatu. Mara zote tatu nilisema kila kitu, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna mtu aliyeniuliza lolote zaidi ya chakula kimeiva au bado.

Nilichomwambia ndicho hiki.

Kwa mama mkwe wangu, maziwa ya mwanamke aliyekimbia ni maziwa ya moto. Mtoto hapewi. Mama akitoka juani au mbioni anakamua ya kwanza anayamwaga chini, anakaa mpaka jasho likauke, ndipo anyonyeshe, na aliyekimbia sana hanyonyeshi kabisa mpaka kesho yake. Hilo wamelitoa kwa ng'ombe. Ng'ombe aliyekurupuka akakimbia hakamuliwi hapohapo, anaachwa apoe. Mama mkwe amefuga Bugwema miaka mingi, na akikuta kijana anakamua ng'ombe ambaye bado anahema, anamnyang'anya kibuyu na kumwaga maziwa yote chini mbele yake.

Mtoto wangu alipokuwa na miezi mitatu mama mkwe alikuja kututembelea Mukendo. Mvua ikaanza ghafla, nikatoka mbio kuanua nguo. Niliporudi nimelowa, akaninyima mtoto. Akamkalisha pajani mwake, akaniangalia kuanzia miguuni kupanda juu.

"Nasikia ulikuwaga mkimbiaji shuleni."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo imeisha. Nikisikia unakimbiakimbia na huyu bado ananyonya, nakuja kuchukua mjukuu wangu. Bugwema maziwa ipo."

Huyo mama hatishii kwa utani. Mtoto wa shemeji yangu anaishi kwake mpaka leo, na mama yake mzazi huenda kumsalimia kama mgeni, na zawadi ya sukari mkononi. Nilimweleza mume wangu. Akasema, "Mama ni mama," akaendelea kula.

Mimi nikakimbia hivyohivyo. Siwezi kueleza sana kwa nini. Mtu anayekaa chumba kimoja na mtoto analia, nepi zinanuka, mume yuko Bunda, ana haki ya kitu kimoja ambacho ni chake. Mara tatu kwa wiki, alfajiri, nilimwacha mtoto kwa jirani yangu fundi cherehani, ambaye kila siku saa hiyo ameshaamka kuswali. Nilibeba ndoo ya njano ya lita kumi, mkono wake nimeuzungushia kitambaa chekundu usinikate vidole. Nikikutana na mtu, namwambia naenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kununua dagaa. Nilikimbia na ndoo yangu kando ya ziwa kwenda mbele mpaka mji unaisha, nikageuka, nikapita mwaloni, nikanunua dagaa kweli, nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyetulia. Nikifika, mtoto anadai, nampa. Jasho bado linatiririka. Nampa.

Mara moja aliharisha siku mbili. Mama mkwe akaja, akaniuliza huku ananitazama machoni, "Umemnyonyesha na joto?" Nikasema hapana. Niliapa, na mtoto wangu mikononi.

Haya yote rafiki yangu aliyaandika.

Baadaye alinipigia simu kwamba kazi imekaribia kuisha, na utaratibu wao ni kurudisha majibu kwa jamii kabla ya kupeleka chuoni. Mrejesho utafanyika Butiama, kwenye ukumbi karibu na shule yetu. Amealika washiriki, walimu, na barua zimepitia kwa watendaji wa vijiji kualika wazazi na walezi wa washiriki.

"Walezi gani?"

"Wazazi wenu. Na wakwe."

"Umemwalika mama mkwe wangu?"

"Barua imeenda Bugwema. Msikilize wote kwa pamoja, ndiyo maana ya kazi hii."

"Usisome habari zangu."

"Nimeficha majina yote. Wewe ni Mshiriki wa Nne. Hakuna atakayejua."

"Ondoa yangu."

"Nikikuondoa wewe, sura nzima inaanguka. Wewe ndiye mfano wangu mkubwa. Niamini. Nimefundishwa kuficha watu."

Nikamwamini. Kosa langu ni hilo, na la kwake nitalisema.

Mama mkwe alishuka Mukendo siku moja kabla, na barua ameikunja kwenye pochi ya kifuani. Hajawahi kualikwa kwa barua mahali popote, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Kesho yake tukaenda Butiama, yeye ndiye amempakata mtoto. Mtoto alikuwa na miezi kumi, ameanza meno, anavuta shanga za bibi yake. Tukapewa viti vya plastiki mstari wa pili. Kwa hesabu ya macho tulikuwa kama watu arobaini. Mwalimu wetu wa michezo wa zamani alikaa mbele, kichwa kimekuwa cheupe.

Rafiki yangu akasimama na suti ya bluu. Alianza kwa kujieleza, amesoma nini, wapi alianzia, yale matofali, ile pumu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwa fahari. Akaeleza sayansi ya mazoezi ilimfundisha nini, na kwa nini aliiona haitoshi. Alisema alikuwa anaweza kupima moyo wa msichana ukiwa unakimbia lakini hakuwa na kipimo cha kujua kwa nini msichana huyohuyo kesho haji uwanjani. Ni maneno mazuri. Hata mimi niliyapenda. Kisha akafungua karatasi.

"Mshiriki wa Nne," akasoma, "ni mama wa mtoto wa kiume. Alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa shule yake. Hivi sasa hufanya mazoezi kwa siri. Huaga kwamba anakwenda ziwani kununua dagaa, akiwa na ndoo ya njano ambayo mkono wake ameuzungushia kitambaa chekundu. Ndoo hiyo, kwa maoni ya mtafiti, ni alama ya..."

Sikusikia ni alama ya nini. Mkono wa mama mkwe ulikuwa unampigapiga mtoto mgongoni polepole, na ule mkono ukasimama. Ndoo ile aliinunua yeye. Aliniletea mwenyewe kutoka Bugwema, imejaa mahindi mabichi, nilipojifungua. Kile kitambaa chekundu ni kipande cha kanga yake.

Hakunitazama. Aliangalia mbele na kusema kwa sauti ya chini, "Ile ndoo yangu."

Nikatazama kandambili zangu.

"Uliapa," akasema.

Rafiki yangu aliendelea kusoma, kwamba Mshiriki wa Nne humnyonyesha mtoto mara tu baada ya mbio, kinyume cha mila ya ukweni, na kwamba huo ni upinzani wa kimyakimya. Watu waliandika. Mwanangu akaanza kugeuzageuza kichwa, ananusa, anatafuta ziwa. Nikanyoosha mikono nimchukue. Mama mkwe akamhamishia bega la pili.

"Mama, ana njaa."

"Atasubiri."

Mtoto akalia. Nikasimama, nikakaa. Pale mbele rafiki yangu alinyanyua macho kuona nani analia, akaniona mimi, akamwona aliyempakata mtoto. Nilimwona anaelewa. Karatasi ilishuka mkononi mwake. Miaka yote ile ya kufundishwa kuficha watu, kaficha jina langu akaacha ndoo. Kijijini kwetu jina lina kazi gani? Watu wanamjua mtu kwa ng'ombe wake, kwa kanga yake, kwa chombo anachobeba.

Muda wa maswali ulipofika, mama mkwe alikuwa wa kwanza kusimama. Alisimama na mtoto wangu akilia begani kwake.

"Shikamoo, mama," rafiki yangu akasema.

"Marahaba. Nimesikia wewe umesoma mambo ya kukimbia. Umesoma mwili."

"Ndiyo, mama."

"Mimi sijasoma. Nakuuliza. Maziwa ya mwanamke akitoka kukimbia, inaharibika au haiharibiki?"

Swali lilikuwa jepesi. Nilimwangalia rafiki yangu nikasema moyoni, haya, sema, hili unalijua, sema neno moja nimchukue mwanangu twende zetu.

Rafiki yangu akashika miwani yake. "Mama, nashukuru kwa swali. Katika utafiti wa aina hii, mtafiti haji kusema imani ya jamii ni sahihi au si sahihi. Kazi yangu ni kuelewa watu wanavyoona, na kuheshimu..."

"Nimekuuliza inaharibika au haiharibiki."

"Ninachosema ni kwamba kila jamii ina namna yake ya..."

Hapo ndipo niliposimama. Sikupanga. Kiti kilianguka nyuma yangu.

"Acha hayo! Hajakuuliza jamii! Amekuuliza maziwa!"

Mwalimu wetu akageuka. "Binti, tulia..."

"Situlii, mwalimu. Huyu amenishika shingo tangu kidato cha kwanza ananihesabu. Amekula ugali wangu kwenye kaunta buku yake. Ana digrii mbili, na zote mbili nimo mimi. Leo mwanangu anaondoka, yeye anajificha nyuma ya ile ya pili!" Nikamgeukia. "Jibu kwa digrii ya kwanza! Hiyo ndiyo inajua! Jibu!"

Alikuwa ameanza kuhema. Nilimjua, pumu humjia hivyo, mabega kwanza. Akatoa dawa yake mfukoni, akavuta mara mbili mbele ya watu wote. Kisha akaiweka mezani na kusema wazi, neno moja baada ya lingine.

"Hayaharibiki, mama. Maziwa ya mama aliyekimbia hayamdhuru mtoto. Kama amekimbia mpaka mwisho wa nguvu zake, ladha inaweza kubadilika kidogo kwa muda mfupi, na ngozi inakuwa na chumvi ya jasho. Lakini hayamdhuru."

"Ladha inabadilika," mama mkwe akasema.

"Kidogo, lakini..."

"Mmesikia? Inabadilika." Alisema kwa watu wote, kisha akanigeukia. "Imebadilika. Maziwa ikibadilika ladha, imeharibika. Hata ndama anajua."

Wanawake wawili watatu nyuma wakaguna kukubali. Mwanangu alikuwa amelia mpaka sauti imekwama. Maziwa yalikuwa yamelowesha kifua cha gauni langu, na kila mtu aliona.

"Basi yaonje," nikamwambia.

"Nini?"

"Wewe si unajua maziwa? Si unaonja ya ng'ombe unasema huyu alikunywa maji ya wapi? Mimi nakimbia sasa hivi. Nikimaliza utaonja. Yakiwa mabaya, nenda na mtoto."

Nimeyasema hayo. Niliweka mtoto wangu rehani kwa ulimi wa mwanamke mwingine, kwa sababu ya hasira.

Nilivua kandambili mlangoni. Uwanja ni uleule, vumbi lilelile, magoli yamepinda. Nilikusanya gauni nikalifunga kiunoni juu ya taiti na kuanza. Sikukimbia kwa mazoezi. Nilikimbia kwa kila kitu nilichokuwa nacho, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, maziwa yanauma, jua la saa saba kichwani. Watu wametoka wamejipanga kivulini. Kila nikipita upande wao naona kitu kimoja tu, kichwa cha mwanangu kwenye bega la bibi yake.

Mzunguko wa nne nikamwona rafiki yangu amesogea kwenye mstari. Ameshika saa ya kupimia mbio.

"Izime hiyo!" nikamfokea. "Izime au nikupige nayo!"

Akaizima. Akaificha mgongoni kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Nilisimama baada ya mzunguko wa sita. Wanawake wakanizungushia kanga zao. Nikajikamulia kwenye kifuniko cha chupa ya chai, mikono inateleza kwa jasho. Rafiki yangu akasema kwa sauti ndogo, "Futa ngozi kwanza, itachanganyika na chumvi." Mama mkwe akasema, "Asifute." Sikufuta.

Akamkabidhi mwanamke wa pembeni yake mtoto. Akachukua kifuniko. Alifanya vilevile anavyofanya Bugwema, akanusa kwanza, macho amefumba. Akadondosha tone nyuma ya mkono, akalitazama linavyotembea. Akalamba. Akanywa yaliyobaki.

Nilimngoja. Hakuna mbio zilizowahi kuwa ndefu kama pale.

"Ina chumvi," akasema.

Nikafumba macho.

"Ina chumvi kidogo. Lakini haijaharibika." Alisema kama mtu anayejibishana na mwingine ambaye hayupo pale. "Hii haijaharibika. Naijua iliyoharibika."

Nilidhani atafurahi, au atakasirika. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani, na kifuniko mkononi.

"Mimi nilikuwaga na mtoto kabla ya hawa," akasema. Hakuwa anamwambia mtu mmoja. "Nilikuwa nakaa Nyegina kwa shangazi. Nilikuwa shambani, wakaja kuniita. Nikakimbia. Nikafika nikamnyonyesha hivyohivyo na joto. Kesho yake hayupo. Wakasema ni maziwa yangu. Shangazi alisema. Wote walisema."

Sikuwahi kulisikia hilo. Mume wangu hakuwahi kulisikia.

Rafiki yangu alichuchumaa mbele yake. Hakuwa na daftari wala simu. "Mama," akasema, "walikuja kukuita shambani kwa nini?"

"Mtoto analia. Walisema mwili unachemka."

"Kabla hujakimbia?"

Mama mkwe akamtazama. Kuna mtu alikohoa, mwingine akamwambia shii.

"Kabla," akasema. "Ndiyo. Kabla." Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena, "Kwa hiyo yule wangu?"

"Sijui alikuwa na nini, mama. Siwezi kukudanganya. Lakini homa ilikuja kabla ya maziwa. Sababu haikuwa maziwa yako."

Hakulia. Aligeuza kifuniko juu chini, akakung'uta, kama mtu anayeangalia kama kimebaki kitu. Mwishowe akainua mkono bila kuangalia nyuma. "Lete huyo mtoto."

Yule mwanamke akamletea. Na yeye akanipa mimi.

"Mnyonyeshe. Analia mpaka lini?"

Nilikaa kando yake kwenye vumbi, nikamnyonyesha na jasho langu lote. Mama mkwe aliangalia mdomo wa mtoto kila alipomeza, mpaka alipolala.

Nisieleweke vibaya. Sikuwasamehe palepale. Rafiki yangu alipokuja kunishika bega nilimwambia alete fomu yangu, na alete kalamu. Kifungu cha Mshiriki wa Nne kilikatwa mbele ya macho yangu, mstari kwa mstari. Akaniuliza, macho yamejaa, kama anaweza basi kuandika kilichotokea uwanjani. Nikamwambia hapana. Akaniuliza hata bila ndoo? Nikamwambia hasa bila ndoo. Aliongeza miezi kuandika upya ile sura. Hiyo ni shida yake, na amesoma, ataiweza.

Mama mkwe hakurudi Bugwema siku ile. Alikaa kwangu Mukendo siku tatu. Alisema anapumzika miguu, lakini nilijua anachofanya, anamwangalia mtoto kama mtu anavyomwangalia ndama aliyekula jani asilolijua. Alikagua kila nepi. Alimshika paji la uso asubuhi na jioni. Siku ya kwanza sikutoka. Ya pili sikutoka. Tulipishana jikoni bila maneno zaidi ya chumvi iko wapi. Mume wangu alipopiga simu kutoka Bunda kuuliza kuna nini, mama yake alimjibu, "Mambo ya wanawake. Fanya kazi," akakata.

Siku ya tatu, alfajiri, niliamka nikamkuta ameketi mlangoni, mtoto pajani, anamlisha uji kwa kidole. Ndoo ya njano alikuwa ameiweka nje ya kizingiti. Kile kitambaa chekundu kilichochakaa alikuwa amekifungua, akafunga kingine kipya.

"Dagaa zimeisha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukirudi, usimkimbilie mtoto. Kaa kwanza hapo nje mpaka uache kuhema. Unafuta jasho na maji. Ndipo unampa."

Nikataka kumwambia umesikia mwenyewe Butiama kwamba hakuna haja. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga.

Nikabeba ndoo. Nimefika kona ya uwanja nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni na mwanangu begani, anaangalia miguu yangu, anasubiri kuona nitaanzia wapi kukimbia. Nikaanzia palepale, mbele yake.

Tangu siku ile nikirudi nakaa kwanza nje, juu ya ndoo niliyoipindua, mpaka pumzi itulie. Mtoto ananiona kutoka ndani, ananyoosha mikono, analalamika. Nakaa na hasira zangu, jasho linakauka mgongoni, kisha nanawa, naingia, nampa.